Carpe diem haisemi "ponda mali"

Kijana mmoja anayemaliza chuo aliniuliza kama maneno carpe diem yanafaa kuchapwa kwenye fulana za mahafali, na chini yake yaandikwe "ponda mali, kufa kwaja". Nilimwomba asubiri kidogo. Nimefundisha Kilatini miaka mingi, na nimeona jinsi misemo yake inavyotufikia: kwanza imekatwa kwenye sentensi yake, kisha imepitia Kiingereza. Sisi tukija kuitia Kiswahili, tunafasiri tafsiri ya kipande.

Carpe diem ni maneno ya Horatius, mshairi wa Roma ya kale, kutoka kitabu cha kwanza cha tungo zake, zilizotoka mwaka 23 KK. Ni utungo wa 11, wenye mistari minane tu. Anasema na mwanamke aitwaye Leuconoe, ambaye amejitia kwenye hesabu za Babeli, yaani kupiga falaki ajue mwisho wake ni lini. Ni majira ya baridi, na Bahari ya Tirenia inajichosha ikijipiga kwenye miamba. Usiulize, anamwambia, huenda Jupita, mungu mkuu wa Warumi, ametupa miaka mingi, huenda huu ndio wa mwisho. Uwe na busara, chuja divai, na tumaini refu lipogoe, kwa kuwa muda ni mfupi. Hapa tunapozungumza, wakati wenye kijicho umeshakimbia. Ndipo anapomalizia: carpe diem, quam minimum credula postero. Chuma siku ya leo, na kesho uiamini kidogo iwezekanavyo.

Waingereza wamezoea kuifasiri carpe kwa kitenzi cha kunyakua, kana kwamba siku ni kitu cha kugombaniwa. Lakini carpo ni kitenzi cha shambani. Ni kuchuma tunda au ua. Neno hilo tunalo, tena liko mdomoni mwa kila mtoto aliyewahi kuchuma mapera. Na tazama vitenzi vilivyotangulia: kuchuja divai, kupogoa, kisha kuchuma. Shamba zima la mizabibu limo kwenye mistari mitatu ya mwisho. Mtu wa kuponda mali simwoni humo. Aliyeshika kisu cha kupogolea anapunguza matawi, hafuji.

Hata hivyo, kitenzi chetu kina mtego wake. Kwetu kuchuma ni pia kujipatia mali, na methali ya mchumia juani hulia kivulini inamwahidi mchumaji kesho yenye raha. Ahadi hiyo ndiyo hasa Horatius anayoikataa. Kwake tunda huliwa siku lilipochumwa. Kwa hiyo "chuma siku" ikiachwa peke yake, sikio la Mswahili litasikia habari za akiba, na maana itakwenda upande wa pili kabisa. Nusu ya pili ya mstari, ile ya kutoiamini kesho, ndiyo inayoishikilia nusu ya kwanza. Kijana nilimshauri achape mstari mzima au asichape kitu.

Nadhani tunakosea kwa sababu tunaiita yote methali. Methali zetu hazina mwenyewe. "Wahenga walisema" inatosha. Lakini sehemu kubwa ya misemo ya Kilatini inayonukuliwa leo ina mtunzi, ina anayesema, na ina anayeambiwa. Ni sawa na mshororo ulionyofolewa kwenye shairi la Muyaka ukaandikwa nyuma ya daladala. Utapendeza, ila aliyekuwa akijibiwa amebaki Mombasa.

Aliyedhulumiwa zaidi ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma. Shule nyingi zimejiwekea kaulimbiu non scholae sed vitae discimus: hatusomi kwa ajili ya shule, tunasoma kwa ajili ya maisha. Yeye, mwishoni mwa barua ya 106 kwa rafiki yake Lucilius, aliandika kinyume: non vitae sed scholae discimus. Alikuwa akilalamika, baada ya kujadili barua nzima hoja za wanafalsafa ambazo hazimfanyi mtu kuwa mwema. Waliokuja baadaye wakaligeuza lalamiko likawa ahadi. Mimi ningependa lalamiko lenyewe libaki ukutani. Mwanafunzi anayekariri usiku kucha kwa ajili ya mtihani angejiona humo, na mwalimu wake pia.

Vox populi, vox Dei tunaisikia kila msimu wa uchaguzi: sauti ya wengi ni sauti ya Mungu. Ushahidi wake unaojulikana zaidi ni barua ya mwanazuoni Alcuin wa York kwa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, ya karibu mwaka 798, nayo inasema wasisikilizwe wale wenye mazoea ya kusema hivyo, kwa kuwa ghasia za umati daima ziko karibu na wazimu. Sikubaliani na Alcuin, naamini kura. Lakini kwa jukwaani naona "wengi wape" inatosha, wala haimtwishi Mungu mzigo wa matokeo.

Festina lente nayo watu huifasiri "haraka haraka haina baraka", na hapo nusu ya msemo inapotea. Festina ni amri: fanya haraka! Lente ndiyo inayoishika mkia: polepole. Suetonius, mwandishi wa habari za maisha ya makaisari, anasema Kaisari Augusto aliupenda msemo huu, akiutamka kwa Kigiriki. Mchapishaji Aldus Manutius wa Venice alikuwa na nembo inayoueleza vizuri kuliko tafsiri yoyote: pomboo aliyejizungusha kwenye nanga.

Nimeuacha mwisho ule ninaoupenda kuliko yote: homo sum, humani nihil a me alienum puto. Mimi ni mtu, na hakuna jambo la kiutu ninaloliona si langu. Mtunzi wake ni Terentius, aliyeitwa Afer, yaani Mwafrika. Inasimuliwa kwamba alizaliwa Carthago, Afrika ya Kaskazini, akafika Roma akiwa mtumwa. Wengi huyasoma maneno haya kama tamko la mwanafalsafa. Katika tamthilia yake ya mwaka 163 KK, anayeyasema ni jirani mdadisi. Chremes amemwona mzee Menedemus akilima tangu alfajiri hadi jioni, ilhali ana watumwa wa kutosha, naye anamwuliza kulikoni. Menedemus anamkata: huna shughuli zako mpaka uje kushughulikia yasiyokuhusu? Homo sum ndiyo jibu.

Watazamaji huenda walicheka, kwa kuwa kila mtaa una Chremes wake. Ila ukiendelea kusoma, mdadisi huyo anamtaka mzee aweke jembe chini, analichukua mwenyewe mkononi, na anashtuka: lo, zito hivi? Ndivyo ninavyostahili, Menedemus anajibu. Kisha anaanza kumsimulia habari za mwanawe wa pekee, ambaye yeye baba alimkaripia kila siku mpaka kijana akaondoka kwenda kuwa askari huko Asia.