Je, wajua kwa nini utulivu wa akili una uzito wake kwa mjamzito mnene?

Mwanamke yuleyule ambaye harusini Dodoma husifiwa kuwa amenawiri na mumewe anamtunza, akishika mimba na kupanda mizani ya kliniki husomewa kilo zake kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Fedheha hiyo si jambo dogo, kwa kuwa wapo wanaoacha kurudi, wakakosa vipimo vya presha, mkojo na sukari ambavyo wao ndio wanaovihitaji zaidi.

Unene uliokithiri huhesabiwa kwa uzito wa kabla ya mimba: mwenye urefu wa mita 1.60 huufikia akiwa na kilo 77 hivi. Homoni za kondo la nyuma hupunguza makali ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili mtoto apate sukari ya kutosha katika damu, na mwili ambao tayari ulikuwa ukilemewa huweza kushindwa kabisa, ndipo kisukari cha mimba huingia. Hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba nayo huongezeka.

Hofu huingilia hapo. Mtu mwenye wasiwasi wa muda mrefu hutoa kotisoli kwa wingi, homoni inayopandisha sukari ya damu na kuamsha hamu ya vitamu na vya mafuta, hata akajikuta amemaliza sahani ya chipsi bila kukumbuka ladha yake. Utulivu wa akili hauyeyushi mafuta, na anayeuza ahadi hiyo anadanganya. Unachofanya ni kumrudishia mama nafasi ya kuchagua. Akikaa mbele ya ugali wa uwele na mlenda, simu ikiwa mbali, amege tonge dogo, alitafune, kisha ajiulize kama njaa bado ipo kabla ya kumega lingine, kwani taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Ule usemi wa kula kwa ajili ya wawili hauna msingi, hasa miezi mitatu ya kwanza, ambapo mahitaji ya chakula karibu hayaongezeki.

Hata hivyo, huu si wakati wa kujikondesha. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unampa mjamzito wa namna hii nafasi ya kuongezeka kilo 5 hadi 9. Kutembea nako kunafaa, dakika 150 kwa wiki, alfajiri kabla jua la Dodoma halijakaza, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi, isipokuwa kama daktari amemkataza.

Aliyezoea kuusikiliza mwili wake kila siku hutambua mapema kichwa kinapouma kupita kawaida, macho yanapoona ukungu, uso unapovimba ghafla au mtoto anapopunguza kucheza. Dalili hizo hazisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Akiziona, aende hospitali siku hiyohiyo.