Mwanga wa bluu wa simu, usingizi na macho: maswali tunayoulizwa kliniki

Katika kliniki ya macho ninapofanyia kazi haipiti wiki bila mgonjwa kuketi mbele yangu, kuvua miwani yenye vioo vinavyorudisha rangi ya zambarau, na kunieleza kwamba mwanga wa simu umemharibu macho. Wengi huwa wamekwisha kukaa na tatizo hilo kwa miezi mingi. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya wale ambao bado wako nyumbani wakisubiri.

Mwanga wa bluu ni nini?

Ni sehemu ya mwanga wa kawaida yenye mawimbi mafupi, kati ya nanomita 400 na 500 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Jua ndilo chanzo chake kikubwa kuliko vyote. Ule wa kutengenezwa hutoka kwenye balbu za LED, televisheni, kompyuta na simu, kwa kuwa LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya bluu iliyofunikwa kwa tabaka la unga wa njano.

Unadhuru nini mwilini?

Unadhuru usingizi. Ndani ya jicho, kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, kuna seli chache ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu bali kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo zina kemikali iitwayo melanopsini, ambayo huamshwa zaidi na mwanga wa karibu nanomita 480, yaani bluu hasa. Zikimulikwa saa 4 usiku, ubongo hudhani jua halijazama na hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Katika utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2014, watu 12 waliosoma kwenye kifaa chenye skrini kwa saa nne kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi, na saa ya miili yao ikachelewa kwa saa moja na nusu. Dakika 10 zinaonekana ni kidogo, lakini anayesogeza saa ya mwili wake kila usiku huamka kila asubuhi akiwa bado yuko katikati ya usiku wake.

Nifanye nini jioni?

Anza na balbu, kwa sababu watu huisahau na kuishambulia simu peke yake. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba inayofuatwa na herufi K. Yenye 6500K hutoa mwanga mweupe unaoelekea bluu, na ndiyo ninayoikuta imefungwa vyumbani mwa kulala karibu kila nyumba ninayoingia. Yenye 2700K au 3000K hutoa mwanga wa njano kama wa taa za zamani, nayo ndiyo inayofaa chumbani. Simu iache sebuleni ikichaji, saa nzima kabla ya kulala, na kama unaitumia kuamkia, nunua saa ya mezani. Ule mpangilio wa simu unaogeuza skrini kuwa ya njano una msaada mdogo ukiwa umeacha mng'ao uko juu kabisa, na hauna msaada wowote kwa mtu anayefuata video moja baada ya nyingine ndani ya chandarua hadi saa 8 usiku, kwani hapo kinachomkesha si mwanga peke yake. Asubuhi fanya kinyume chake: toka nje, upate mwanga wa jua mapema, kwa kuwa huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote.

Wazazi nawaomba kwa dhati waache kumpa mtoto simu ili alale. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 limesema mtoto wa umri huo asizidishe saa moja ya skrini kwa siku nzima, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Simu inayomtuliza ndiyo hiyohiyo inayomwondolea usingizi.

Je, mwanga wa simu unapofusha?

Hapana. Mwanga wa bluu wa skrini ni mdogo sana ukilinganisha na ule unaoupata ukisimama nje mchana, hata siku ya mawingu. Mwanga wa kutengenezwa unaounguza jicho kweli ni ule wa mashine ya kuchomelea vyuma, na fundi anayechomelea bila kofia yenye kioo cheusi, akikinga uso kwa mkono, anajiumiza kila siku ya kazi.

Mbona basi macho yangu yanawasha na kuchoka nikitazama simu?

Kwa sababu hupepesi kope. Mtu hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea skrini, hushuka hadi mara tano au saba, na jicho hukauka, hasa penye feni inayopuliza usoni. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, kisha upepese kope kwa makusudi mara kadhaa. Kama umefika miaka 40 na maandishi ya simu yamekuwa hayasomeki mpaka unyooshe mkono, hilo si kosa la mwanga wowote: unahitaji miwani ya kusomea iliyopimwa.

Je, miwani ya kuzuia mwanga wa bluu itanisaidia?

Muuzaji wa stendi huwa na kalamu ya mwanga na kikadi cheupe. Anamulika kikadi, kinageuka rangi. Anaweka kioo katikati, kikadi kinabaki cheupe, na mteja anatoa pesa. Kwa kawaida kalamu ile hutoa mwanga wa zambarau wa nanomita 405 hivi, ilhali bluu ya skrini iko zaidi karibu na nanomita 450, na miwani mingi ya aina hiyo huchuja asilimia 10 hadi 25 tu ya mwanga wa bluu wa skrini. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida. Kama ubaya wake ungekuwa kupoteza pesa tu, nisingeandika haya. Ubaya wake ni kwamba mtu akishaivaa anaamini ametibiwa.

Mama mmoja mhasibu, mwenye miaka 51, aliivaa kwa miezi minane. Nilimwomba afunike jicho la kushoto kwa kiganja na kunitazama kwa la kulia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimezima taa. Taa ilikuwa inawaka. Presha ya macho, yaani glakoma, ilikuwa imekwisha kuharibu jicho hilo, na la pili lilikuwa limeanza kupoteza uoni wa pembeni, huku muda wote huo yeye akiilaumu kompyuta ya ofisini.

Lakini nikiivaa naona nafuu. Je, siwezi kusubiri kwanza kabla ya kuja kupimwa?

Hapana. Ukungu wa macho unaokuja na kuondoka unaweza kuwa sukari isiyodhibitiwa, unaozidi polepole unaweza kuwa mtoto wa jicho, na uoni unaosinyaa kutoka pembeni unaweza kuwa glakoma. Hakuna miwani ya stendi inayotofautisha hayo matatu.

Na kama jicho haliumi hata kidogo?

Hata kama haliumi. Glakoma ya kawaida haiumi, haiwashi, haifanyi jicho kuwa jekundu, na jicho zima huficha upungufu wa lile bovu. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki, kwa dawa wala kwa upasuaji. Tunachoweza ni kuokoa kilichobaki, nacho hupungua kila mwezi unaosubiri.

Nikinunua matone duka la dawa je?

Hapana tena, na hapa nasisitiza. Matone mengi ya macho mekundu yana dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, ambazo hutuliza haraka, na mgonjwa huyapenda kwa sababu hiyo. Lakini yakitumiwa kwa wiki nyingi bila uangalizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu huanza na macho makavu ya simu, akaishia na ugonjwa aliojiletea kwa chupa.

Niende kupima lini?

Nenda leo hii, hata kama ni usiku, ukiona giza la ghafla kwenye jicho moja, vimulimuli kama radi, kivuli kama pazia, au jicho jekundu lenye maumivu makali. Nenda wiki hii kama uoni umepungua kwa namna yoyote nyingine. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka bila kusubiri dalili. Aliyevuka miaka 40 apimwe hata kama anaona vizuri, hasa mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma.

Kabla ya kuja, funika jicho moja kisha jingine ukitazama kalenda ya ukutani, ili utueleze tofauti unayoiona. Lete miwani yote uliyowahi kununua na kila chupa ya matone uliyotumia, hata zilizokwisha. Tukikuwekea dawa ya kupanua mboni, uoni wa karibu utakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usije ukiendesha pikipiki au gari mwenyewe, na njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.