Sailensa nyepesi na mpigaji mwenye haraka

Kazi yangu ni metali, na sailensa za bunduki, zile zinazofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, ni sehemu ya kazi hiyo. Mtu anayetaka kununua akija kuniuliza, swali lake karibu kila mara ni lilelile: hii itahimili risasi ngapi? Nami humrudishia langu: unapiga risasi ngapi kwa dakika moja, na mtutu wako una urefu gani? Baadhi hudhani nawakwepa. Ukweli ni kwamba bila majibu hayo mawili siwezi kusema lolote la maana, kwa sababu uimara wa metali hauna namba moja. Una namba yake kwa kila kiwango cha joto, na kinachoamua joto ni kidole cha mpigaji.

Tuanze na kinachotokea ndani. Risasi ikitoka, gesi ya baruti huifuata ikiwa bado na shinikizo kubwa na joto la zaidi ya digrii 1,000 za Selsiasi. Ndani ya sailensa inakutana na sahani zenye tundu katikati. Sahani hizo huichelewesha, huizungusha na kuipokonya joto kabla haijafika nje. Sahani ya kwanza ndiyo inayoteseka. Inapigwa na gesi ya moto zaidi, na pamoja na gesi hiyo huja chembe za baruti ambazo hazijamaliza kuungua, zikiipiga metali kama mchanga unaorushwa kwa kasi. Mtutu ukiwa mfupi, baruti hupata nafasi ndogo ya kuungua na gesi hutoka ikiwa na shinikizo kubwa zaidi. Kwa hiyo bunduki mbili za risasi aina moja, zenye mitutu ya urefu tofauti, zitaitafuna sailensa ileile kwa kasi tofauti kabisa.

Sasa metali zenyewe. Alumini ni nyepesi mno, takriban gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, lakini aloi zake ngumu, yaani michanganyiko yake na metali nyingine, huanza kulegea mapema sana, hata kabla ya digrii 200. Inafaa bunduki za risasi ndogo za .22 na bastola ndogo. Kwenye bunduki yenye nguvu sipendi kuiona karibu na gesi ya moto, ingawa kwenye ganda la nje la sailensa ya mwindaji inaweza kuvumilika. Sitaisema zaidi.

Titani inayotumika zaidi ni ile yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Uzito wake ni gramu 4.43 kwa sentimita ya ujazo. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 17-4, ambacho hutumika sana kwenye sailensa, ni gramu 7.8. Ukitazama namba hizo mbili tu utasema titani inapunguza uzito kwa asilimia 43, na matangazo mengi yanataka ufikirie hivyo. Lakini chuma hicho kikishapitishwa kwenye joto la kukikomaza kina nguvu ya kuvutwa ya takriban megapaskali 1,300, wakati titani iko kwenye 950 hivi. Chuma kinaweza kufanywa chembamba zaidi kwa kazi ileile. Linganisha kwa nguvu ileile, utaona titani bado inashinda, ila inapunguza uzito kwa kama asilimia 22 hivi, wala si 43. Na hapo bado tumesimama kwenye joto la chumbani.

Joto likipanda hadithi inabadilika. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba titani huyeyuka kwenye joto kubwa kuliko chuma, zaidi ya digrii 1,600, na wanahitimisha kwamba basi inastahimili moto vizuri zaidi. Kiwango cha kuyeyuka hapa hakikusaidii kitu. Aloi hiyo ya titani ikifika kwenye digrii 425 imepoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake, na kwenye 540 imebaki na karibu nusu. Zaidi ya hapo huanza kunyonya oksijeni na kujenga tabaka gumu la juu linalopasuka kwa urahisi. Ndiyo sababu wahandisi wa ndege huiweka kwenye sehemu za mbele za injini, zilizo baridi kiasi, na sehemu za nyuma zenye moto huziachia aloi za nikeli.

Aloi hizo za nikeli, maarufu zaidi ikiwa Inconel 718, zilizaliwa kwa ajili ya moto. Nikeli ni kama nusu yake, kromi karibu asilimia 19, halafu kuna niobi ambayo hujenga ndani ya metali chembe ndogo zinazozuia tabaka zake kuteleza hata zikipata joto. Kwenye digrii 650 bado ina zaidi ya robo tatu ya nguvu yake ya awali. Gharama yake ni uzito: gramu 8.2 kwa sentimita ya ujazo, nzito kuliko chuma. Kuna pia Stellite, aloi ya kobalti na kromi iliyobuniwa na Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya 20. Ugumu wake haushuki upesi kwa joto, ndiyo maana Wamarekani waliitumia kutandika ndani ya mitutu ya bunduki za mashine. Lakini si ya kutengenezea sailensa nzima: ni nzito, inasumbua kuchonga, na haipendi kugongwa. Mahali pake ni sahani ya kwanza, basi.

Kuna jambo moja ambalo naona halisemwi vya kutosha. Uzito wenyewe ni ghala la joto. Sailensa nzito hupata moto polepole kwa sababu kuna metali nyingi ya kugawana joto lilelile. Chukua mfano wa kufikirika: kila risasi inaacha jouli 1,000 ndani ya sailensa, na unapiga haraka kiasi kwamba hakuna kinachopoa. Sailensa ya titani ya gramu 300 itapanda kama digrii 6.3 kwa kila risasi. Ya chuma ya gramu 500 itapanda digrii 4.3. Ukianzia kwenye digrii 25 na kupiga risasi 60, ya titani imefika 405, ya chuma iko 285. Yaani ile nyepesi imeufikia mpaka wake wa hatari wakati nzito bado inapumua. Piga 30 nyingine na titani iko karibu na 600, eneo ambalo mimi binafsi nisingependa kuwa nimeishika. Namba halisi hutofautiana kwa kila risasi na kila bunduki, lakini mwelekeo haubadiliki. Wepesi unakupa adhabu mara mbili: metali inayochoka mapema, na inayofika mapema pale inapochokea.

Geuza mfano huo sasa. Mwindaji anapanda mlima kwa muda wa saa nne na anapiga risasi moja, pengine mbili. Sailensa yake haitafika hata digrii 50. Kumuuzia Inconel ya gramu 600 ni kumbebesha mzigo ambao hatautumia maishani. Na gramu za mdomoni mwa mtutu si sawa na gramu za mfukoni. Gramu 200 zilizo sentimita 60 mbele ya mkono unaoshikilia bunduki zinavuta chini sawa na kilo 1.2 zilizowekwa sentimita 10 tu mbele ya mkono huohuo. Anayepiga akiwa amesimama, au anayezungusha bunduki kumfuata mnyama anayekimbia, anausikia uzito huo begani kabla ya chakula cha mchana. Kwake titani ni jibu, na nasema hivyo bila kusitasita.

Mpiga shabaha wa mbali aliyelala chini, bunduki ikiwa juu ya stendi yake ya miguu miwili, yuko katikati. Uzito wa mbele hata humsaidia kiasi, maana hupunguza bunduki kurushwa nyuma. Tatizo lake ni jingine: joto linalopanda kutoka kwenye sailensa huitikisa hewa mbele ya darubini, na shabaha inaanza kucheza kama iko chini ya maji. Wengi huifunga sailensa kwa kitambaa kisichopitisha joto. Kinasaidia macho, lakini kinaifungia sailensa joto lake ndani, na kama ni ya titani usipige kwa mfululizo ukiwa umeifunga hivyo.

Kwa wanaopiga mfululizo, wanaopita mafunzo marefu, au wenye mitutu mifupi, hakuna mjadala mrefu. Chukua aloi ya nikeli, au chuma chenye sahani ya kwanza ya Inconel au Stellite. Huu mpangilio wa pili ndio ninaoupenda zaidi kwa watu wasio na uhakika, kwa kuwa unaweka metali inayostahimili moto pale tu panapoliwa na kuacha sehemu nyingine ziwe za chuma. Ubaya wake ni viungo: metali mbili hutanuka kwa viwango tofauti zikipata moto, na mshono wa kuchomelea ukiwa wa hovyo, hapo ndipo ufa utaanzia. Printa za leza zinazojenga metali kutoka unga zimeleta njia nyingine, kwani sailensa nzima hutoka kipande kimoja bila mshono, na Inconel 718 pamoja na ile titani ya 6-4 ni miongoni mwa metali zinazochapwa vizuri kwa njia hiyo. Lakini printa haibadilishi tabia ya titani kwenye moto. Nimeona wanunuzi wakidanganywa na umbo la kupendeza, wakasahau kuuliza ni metali gani.

Titani ina dalili moja ambayo chuma hakikuonyeshi waziwazi hivyo. Ikianza kuliwa, chembe zake huwaka hewani kwa cheche nyeupe kali, zilezile zinazotumika kwenye fataki. Ukipiga giza likianza kuingia na ukaona cheche hizo zikitoka mbele, hiyo ni sailensa yako inaondoka kidogo kidogo. Cheche chache sailensa ikiwa imepata moto hazinitishi. Zikitoka kila risasi hata ikiwa ya baridi, iondoe kwenye bunduki, ikaguliwe.

Njia ya kufuatilia uchakavu ni mizani ya jikoni yenye kusoma gramu, ingawa ina mtego. Masizi huongeza uzito na mmomonyoko hupunguza, hivyo sailensa chafu inaweza kupima sawasawa na siku iliyonunuliwa huku sahani ya kwanza imekwisha. Pima baada ya kusafisha, na tazama ukingo wa tundu la sahani ya kwanza kwa taa: ukingo mkali ulio duara kamili ni mzuri, ukingo uliolainika na kupanuka, au ufa unaotoka kwenye tundu kwenda nje, ni mwisho wa kazi. Sailensa za alumini zisitumbukizwe kwenye sabuni kali za magadi, zitaliwa na sabuni kabla hazijaliwa na baruti.

Nchi nyingi hutaka kibali kwa kifaa hiki, na zipo zinazokikataza kabisa. Kwa anayeruhusiwa kukinunua, muulize mwenye kiwanda kwa maandishi mambo matatu: metali ya sahani ya kwanza, urefu mfupi kabisa wa mtutu anaouruhusu kwa risasi yako, na idadi ya risasi za haraka kabla ya kuiacha ipoe. Akikutajia uzito na desibeli tu, yaani kipimo cha sauti, tafuta mwingine.