Kumsikiliza mtoto ni ufundi: dhana potofu kuhusu unasihi wa watoto, vijana na familia

Wengi huja kwenye mafunzo ya unasihi, yaani ushauri nasaha, wakiwa tayari na kitu kizuri: wanawapenda watoto. Wengine wamelea, wengine ni walimu, wengine ni viongozi wa dini ambao wazazi waliochanganyikiwa huwagongea mlango usiku. Upendo huo ni mtaji. Lakini huja pamoja na imani ambazo zisipong'olewa mapema, mtu mwema anamfunga mtoto mdomo bila kujua.

Dhana: mwenye huruma na busara ya umri tayari ni mnasihi

Binti wa miaka 12 ameketi mbele yako, macho chini. Anasema, "Sitaki tena kwenda shule." Mtu mmoja atamwuliza, "Kwa nini?" na binti atapandisha mabega, kwa sababu "kwa nini" ya mtu mzima ameizoea kama mwanzo wa kugombezwa. Mwingine atamwambia shule ndiyo maisha yake ya baadaye, na mazungumzo yataishia hapo. Wa tatu atamliwaza: "Usijali mwanangu, yatapita." Wote watatu wana nia njema, na wote wameyaruka maneno ya binti.

Aliyefundishwa hufanya jambo dogo zaidi. Anamrudishia alichosikia: "Umefika mahali huitaki kabisa." Kisha ananyamaza. Sekunde tano, sekunde kumi. Ukimya huo unatisha kuliko unavyoonekana kwenye maandishi, na anayeanza huukimbia kwa kurusha swali jingine. Akiweza kuuvumilia, mara nyingi sentensi ya pili ya mtoto ndiyo yenye habari yenyewe.

Haya hujifunzwa kwa kurudia, na yamekuwa yakifundishwa hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Carl Rogers alichapisha vikao vya unasihi neno kwa neno kutoka kwenye rekodi za sauti, na wanafunzi wakaweza kuona kilichosemwa badala ya kile mnasihi alichodhani amesema. Mwaka 1968 Allen Ivey na wenzake nchini Marekani wakachapisha njia ya kufundisha stadi mojamoja kwa video. Mwanafunzi anazungumza na mtu kwa dakika chache, anajitazama, anasahihishwa jambo moja tu, kwa mfano namna anavyomtazama msemaji au anavyoifuata mada yake, halafu anarudia. Kwa maoni yangu, kozi isiyo na mazoezi ya kuigiza na masahihisho ya ana kwa ana imefundisha nadharia tu, hata cheti chake kiwe na mihuri mingapi.

Na miaka ya kazi nayo haitoshi. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha uchambuzi wa kazi ya wataalamu 170 wa tiba ya mazungumzo waliofuatiliwa kwa miaka. Kwa wastani, matokeo ya wateja wao hayakupanda kadiri uzoefu ulivyoongezeka. Yalishuka kidogo sana. Baadhi yao walizidi kuwa bora, lakini kukaa kazini peke yake hakukuwa na uhakika wa kumfikisha mtu huko. Ndiyo maana mnasihi, hata mwenye miaka ishirini kazini, anahitaji msimamizi wa kitaalamu wa kumsikiliza na kumwambia ukweli.

Dhana: mtoto mdogo hajui kujieleza, na kucheza naye ni kupoteza muda

Mtoto wa miaka mitano anajieleza kutwa nzima, ila si kwa kukaa kwenye kiti na kujibu maswali. Mwanasaikolojia Virginia Axline, katika miaka ya 1940, aliweka misingi ya tiba ya mchezo ambamo mtoto ndiye anayeongoza na mtu mzima anafuata. Vifaa si vya gharama: midoli michache, wanyama wa plastiki, udongo wa kufinyanga, karatasi na rangi.

Kazi ya mnasihi hapo ni kutamka anachokiona bila kukitafsiri. Mvulana anamchukua mdoli mdogo na kumsukuma chini ya kitanda cha midoli. Usiseme, "Unamwogopa baba, eh?" Sema, "Huyu umemficha." Pengine atakuambia ni nani anayejificha. Pengine atamfunika na kitambaa, nawe useme, "Sasa haonekani kabisa." Unamfuata kwa mwendo wake.

Kuna kosa linalozaliwa na hamu ya kusaidia, nalo ni kuisoma michoro kama vipimo vya maabara. Mtoto amechora nyumba nyeusi isiyo na mlango, mtu mzima tayari ametoa hukumu. Mchoro mmoja hauthibitishi chochote; inawezekana kalamu nyeusi ndiyo iliyokuwa karibu. Mwambie, "Nieleze kuhusu mchoro wako," kisha subiri.

Dhana: ukimwuliza mtoto sana, mwishowe atasema ukweli

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu madhara yake hufika hadi polisi na mahakamani.

Mwaka 1995 Michelle Leichtman na Stephen Ceci walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Mgeni aliyetambulishwa kwa jina la Sam Stone aliingia darasani, akasalimia, akakaa kama dakika mbili, akaondoka. Hakuharibu kitu. Kundi moja la watoto lilikuwa limesimuliwa kabla ya ziara jinsi mtu huyo alivyo mzembe, na baada ya ziara wakahojiwa mara kadhaa, kwa wiki kadhaa, kwa maswali yaliyobeba jibu ndani yake kuhusu kitabu kilichochanika na mdoli wa dubu uliochafuliwa. Mwishoni, walipoulizwa moja kwa moja, zaidi ya nusu ya wenye miaka 3 na 4 katika kundi hilo walisema mgeni ndiye aliyeharibu. Watoto ambao hawakudokezewa chochote, na waliohojiwa bila kushawishiwa, kwa sehemu kubwa walieleza mambo kama yalivyokuwa.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena, kwa sababu kuna wanaouchukua utafiti huu na kusema watoto ni waongo. Mtoto mdogo anaweza kuwa shahidi mzuri. Anachotuomba ni tusimwekee maneno mdomoni. "Mjomba alikugusa, sivyo?" ni swali la hatari, maana likishatoka halirudi. "Niambie yote yaliyotokea," "Halafu?" "Umesema aliingia chumbani, nieleze zaidi hapo": haya yanamwachia mtoto uwanja. Kumwuliza jambo lilelile mara tatu pia kunamfundisha kwamba jibu la kwanza halikukupendeza, basi anatafuta jingine.

Ukihisi ukatili, huna kazi ya upelelezi. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata kama kiungo cha mwili amekiita kwa jina la kitoto, andika na swali ulilomwuliza, kisha fuata utaratibu wa kutoa taarifa unaotakiwa mahali ulipo. Mwambie mtoto kwamba amefanya vyema kusema. Usimwahidi mambo yatakayofuata kama huwezi kuyatimiza.

Dhana: siri ni siri, hata iweje

Usiri una mipaka, na mipaka hiyo hutajwa dakika za kwanza, kabla kijana hajasema lolote. Kwa maneno mepesi: "Tunayozungumza yanabaki hapa. Isipokuwa nikiona uko hatarini kuumia, au mtu mwingine yuko hatarini; hapo itabidi niwashirikishe watu wa kutusaidia, na nitakuambia kabla." Maneno yayo hayo mzazi naye ayasikie, wakiwa pamoja kama inawezekana. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba hatapewa ripoti ya kila neno huwa mtulivu zaidi kuliko yule anayegundua wiki ya tatu.

Dhana: kijana mkaidi anahitaji kuelezwa ukweli wake

Ameletwa na wazazi. Amevuka mikono, kofia imeshuka usoni, majibu yake ni "sawa" na "sijui". Ukimwaga mawaidha, atatetea upande wa pili, na kila anapoutetea anazidi kuuamini. William Miller aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1983 alipokuwa akiwashughulikia wenye matatizo ya pombe, na yeye na Stephen Rollnick baadaye wakaikuza njia ya mahojiano ya kuhamasisha mabadiliko. Mnasihi anatafuta sababu za kubadilika kutoka kinywani mwa kijana mwenyewe.

Anza na ukweli wa hali: "Hukuomba kuja hapa." Mara nyingi mabega yanashuka kidogo. Kisha: "Wao wanasema tatizo ni simu. Wewe ungesema ni nini?" Kukubali kwamba analo lake la kusema hakumaanishi umekubaliana naye.

Dhana: kwenye kikao cha familia, mnasihi ni hakimu, na mtoto ndiye kesi

Kila mmoja anakuja na ushahidi wake. Mama anakutazama akisubiri umwambie baba amekosea, baba anasubiri hivyo hivyo. Ukiegemea upande mmoja, umempoteza mwingine kabla ya kikao cha pili.

Salvador Minuchin, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, alitazama jinsi watu wanavyohusiana hapo hapo chumbani: nani anamjibia nani, nani anakatiza, mtoto ameketishwa wapi. Alikuwa akiwahamisha viti. Mtoto aliyekaa katikati ya wazazi wanaogombana huhamishwa, ili wazungumze wao kwa wao bila kumpitia yeye. Ni stadi ndogo ya mikono, lakini humpunguzia mtoto mzigo ambao hakuna aliyekuwa ameutaja. Swali likienda kwa mtoto na mama akajibu, sema kwa heshima: "Asante mama, nitakuja kwako. Ningependa kwanza nimsikie yeye." Muulize na mdogo wake, ambaye hakuna aliyemfikiria: "Wakigombana, nani huondoka kwanza?" Yeye huwa ameona yote.

Dhana: ukimwuliza kijana kuhusu kujiua, utampa wazo hilo

Madelyn Gould na wenzake walilipima hili mwaka 2005 kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,300 katika jimbo la New York. Walioulizwa maswali kuhusu kujiua hawakuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua kuliko wenzao ambao hawakuulizwa. Miongoni mwa waliokuwa na dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au waliowahi kujaribu, kuuliza kulielekea kuwapunguzia dhiki.

Basi uliza wazi, kwa sauti yako ya kawaida: "Umewahi kufikiria kujiua?" Usiulize, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" kwa kuwa umeshamwonyesha jibu unalolitaka. Akisema ndiyo, usishtuke wala usimhubirie. Muulize kama amepanga namna, kama kifaa au dawa anayoifikiria iko karibu naye, kama amewahi kujaribu, na nani yuko naye nyumbani usiku huu. Usimwache peke yake. Mhusishe mzazi au mlezi aliye salama, mwelekeze aviondoe vitu hivyo au avifungie leo leo, na mkabidhi kijana kwa huduma ya afya ya akili au ya dharura kwa mkono wako, ukihakikisha amepokelewa. Kisha andika ulichokifanya, na mpigie msimamizi wako siku hiyo hiyo.