Rwanda 1994: Utawala Haukuvunjika
Wengi hudhani mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda yalitokea kwa sababu utawala ulivunjika, watu wakabaki bila wa kuwazuia. Sivyo. Utawala ulikuwepo, tena ulichapa kazi: kwenye vizuizi vya barabarani walikagua vitambulisho vilivyoandikwa kabila, redio RTLM ikachochea, na viongozi wa komini (ngazi ya utawala chini ya mkoa) wakawaita raia "kazini". Kuua ndiko kulikoitwa kazi.

Tazama mkoa wa Butare, kusini mwa nchi. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana (si Rais Habyarimana, majina yasikuchanganye), alizuia mauaji yasienee mkoani. Serikali ikamwondoa. Tarehe 19 Aprili rais wa mpito, Théodore Sindikubwabo, akaja kuhutubia, akiwahimiza watu wafanye hiyo "kazi". Ndani ya siku chache mauaji yakaenea mkoa mzima.