Kuzaa nyumbani ni salama? Inategemea alihesabiwa nani

Dada wa Ntinda, kule Kampala mjini, amesoma kwamba Wazungu wanazaa sebuleni na hakuna shida, jjajja (bibi) wa Bududa, kule milimani, anasema sisi sote tulizaliwa nyumbani mbona tuko hai, alafu kuna nnasi (nesi) anayewafokea wote wawili kwamba nje ya hospitali ni kifo tu. Mi ni mkunga, huku mashariki mwa Uganda, na hizi hoja tatu nazisikia kila wiki. Kila moja ina ukweli kidogo ndani yake, ndo maana haziishi.

DHANA: Utafiti umeshamaliza, nyumbani ni salama sawa na hospitali.

UKWELI: Umeonyesha hivo kwa wanawake fulani, wakiwa na wakunga fulani, kwenye nchi fulani. Utafiti mkubwa unaotajwa sana ni wa Uholanzi uliotoka 2009, wanawake 529,688, na kweli vifo vya watoto havikutofautiana kati ya waliopanga kuzaa nyumbani na waliopanga hospitali. Lakini soma waliingizwa kina nani. Mwenye kovu la upasuaji hayumo, mwenye mapacha hayumo, mwenye presha hayumo, mtoto aliyetanguliza matako hayumo. Wamebaki wale ambao mkunga amewafuata kliniki toka mwanzo akasema huyu sawa, na siku ya uchungu mkunga mwenyewe anakuja mlangoni na dawa ya kuzuia damu, oksijeni na mpira wa kumpumulisha mtoto, na mambo yakigeuka ambulensi inakuja na hospitali inajua kwamba huyu anakuja, haimpokei kwa matusi.

Uingereza nao walifanya wa kwao, ukatoka 2011, wanawake 64,538 wote wa hatari ndogo. Hapa ndo watu huwa wanakata kipande wanachokipenda. Kwa mama aliyewahi kuzaa, hawakuona tofauti ya maana kwa mtoto, na yeye mwenyewe akikaa nyumbani anachanwa na kupasuliwa mara chache zaidi. Kwa mama wa mimba ya kwanza hesabu ilikuwa ingine: matatizo makubwa ya mtoto, yani kifo, ubongo kuumia, kuvunjika mfupa na mengine ya namna hiyo, yalikuwa 9.3 kwa kila 1,000 kwa waliopanga nyumbani, na 5.3 kwa waliopanga hospitali yenye madaktari. Na katika hao wa mimba ya kwanza, 45 kati ya 100 walihamishwa, wengine kabla hawajazaa wengine baada. Karibu nusu! Kwa waliowahi kuzaa walikuwa 12 kati ya 100. Sasa hiyo 45 iweke kwenye barabara ya Bududa mwezi wa tano mvua imenyesha, alafu uniambie.

Hata Marekani ambako hela ipo, jimbo la Oregon walihesabu uzazi wa 2012 na 2013 wakakuta vifo vya watoto 3.9 kwa 1,000 kwa waliopanga kuzaa nje ya hospitali, na 1.8 kwa waliopanga hospitali. Kule mkunga wa nyumbani hajaungana na hospitali kama Uholanzi, na mi naona tofauti kubwa iko hapo, ingawa wako wanaobisha.

DHANA: Kama hospitali ni salama mbona wengi wanafia huko huko?

Hii ndo ninayoipenda kuijibu maana inagusa namna ya kuhesabu, kitu ambacho watu hawakifikirii. Kwenye hizo tafiti za Ulaya mtu anahesabiwa pale alipopanga kuzaa wakati uchungu unaanza. Aliyeanzia nyumbani akaishia thieta bado ni wa nyumbani, na tatizo lake linaandikwa upande wa nyumbani. Kwetu rejista inafanya kinyume. Mama amekaa kwa mulerwa, yani mkunga wa jadi, siku mbili, mtoto amekwama, wanamfikisha jioni hospitali amechoka kabisa, anafia pale mapokezi, kitabu kinaandika kafia hospitali. Aliyefia njiani kwenye boda pengine haandikwi popote. Kwa hiyo ukisimama mlangoni na rejista yako utaona hospitali inaua na kijiji kinazalisha salama, na si kwamba unadanganya, namba zenyewe ndo zimekaa vibaya.

Ila nisiwatetee sana hospitali.

DHANA: Ukishafika hospitali umepona.

Hapana. Mwaka 2016 ule uchunguzi mkubwa wa taifa wa idadi ya watu na afya, UDHS, ulikuta akina mama 336 wanakufa kwa kila vizazi hai 100,000, na wa 2022 ukakuta 189. Katikati hapo wanaozaa kwenye vituo walipanda kutoka 73 kati ya 100 mpaka 91. Ni hatua kubwa, sibishi. Lakini angalia vizuri, kama 91 kati ya 100 wanazalia kituoni na bado tunazika 189 kwa kila vizazi 100,000, basi huenda wengi wa hao wamefia mikononi mwa wenye kazi. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu, HC III, wakunga tupo lakini upasuaji hakuna. Cha ngazi ya nne, HC IV, kwa karatasi kina thieta na damu, nenda usiku wa Jumapili uone kama daktari yupo, kama jenereta ina mafuta, kama friji ya damu ina kitu. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Kesi ilifunguliwa 2011, baada ya vifo vya Sylvia Nalubowa wa Mityana na Jennifer Anguko wa Arua, na wote wawili hawakufia kijijini, walikuwa wameshafika hospitali.

Kwa hiyo mama akiniambia anaogopa hospitali simcheki. Namuuliza tu kule nyumbani atakuwa na nani, na kutoka pale mpaka penye daktari na damu ni dakika ngapi, usiku, kwa usafiri upi.

DHANA: Nimezaa watano bila shida, wa sita atateleza.

Atateleza, ni kweli, saa ingine hata kabla hujafika barabarani. Shida iko baadae. Kizazi kilichobeba mara nyingi huwa kinachelewa kukaza, na kisipokaza damu inatoka kama bomba lililopasuka na inaweza kummaliza mtu mzima ndani ya masaa mawili. Na wengi wanaotokwa damu hivo hawakuwa na dalili yoyote kliniki, ndo maana hakuna mkunga mwenye akili anayekuhakikishia kwamba wewe haitakutokea. Sindano ya oxitosini inazuia sana lakini inataka ubaridi, digrii 2 mpaka 8, sio kukaa kwenye mkoba wa mtu juani.

Kuna vidonge vya misoprostoli ambavyo havitaki friji. Mbale walijaribu kuwapa wajawazito waende navyo nyumbani, wavimeze mtoto akishatoka endapo watashindwa kufika kituoni, kama wanawake 750 hivi, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ili walinganishe, matokeo yakatoka 2015. Walio wengi walivitumia vizuri, ila idadi ilikuwa ndogo kuweza kusema vinaokoa maisha kiasi gani. Jambo la kukumbuka, vikimezwa mtoto bado yuko ndani vinaweza kupasua kizazi, kwa hiyo usije ukaenda kununua dukani eti umesoma mahali.

DHANA: Dawa za kienyeji ni za asili, zinaharakisha tu.

Zile za kuongeza uchungu zinabana kizazi kweli, tatizo hakuna anayejua zimebana kiasi gani. Kama njia haijafunguka au mtoto amekaa vibaya, unasukuma ukuta, na mtoto anakosa hewa. Mwenye kovu la upasuaji asiguse kabisa. Na ukiwa umeshakunywa, ukifika kituoni sema, hakuna atakayekufunga, afadhali ufokewe kidogo kuliko tukuongezee dripu ya uchungu juu ya ile uliyokunywa.

DHANA: Mkunga ni nnasi wa kukusindikiza mpaka daktari aje.

Hii inaniudhi kidogo. Ukunga wa kusomea Uganda ni wa zamani, hospitali ya Mengo, Kampala, walikuwa wanafundisha wakunga toka mwanzo mwanzo wa miaka ya 1920, chini ya Katharine Cook. Na hesabu iliyotoka 2020 kwenye jarida la Lancet Global Health ilikadiria kwamba kama kazi za ukunga zingemfikia kila mtu kwenye nchi kama zetu, kufikia 2035 vifo vya akina mama vingepungua kwa 67 kwa 100, na watoto wachanga kwa 64. Ni makadirio, sio kitu kilichotokea, lakini wanaongelea mkunga aliyefundishwa, mwenye dawa, mwenye pa kupeleka rufaa. Mkunga mmoja zamu ya usiku na wamama saba na tochi ya simu sio huyo.

Na mulerwa? Wengine wanasema apigwe marufuku, wengine wanasema afundishwe azalishe. Walishafundishwa sana miaka ya nyuma, dunia nzima, vifo vya akina mama havikushuka ilivyotegemewa, maana semina haimpi damu wala thieta. Lakini yeye ndo anajua nani ana mimba na nani mume wake amekataa kutoa hela ya kliniki. Huku kwetu anayemleta mama kituoni mapema tunamkaribisha na yeye aingie ndani, ashike mkono, akande mgongo, na mama akiona jjajja wake yupo anatulia. Kuna vituo wanamfungia nje getini, na mwezi unaofuata haleti mtu.