Swali la "wapi" lililofichua kirusi cha saratani

Ukiweka kwenye hadubini kinyama kilichokatwa kwenye taya la mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, unaona seli za buluu iliyokolea zimebanana kabisa, na katikati yake madoa meupe yametawanyika. Hayo madoa ni seli kubwa zinazomeza zile zilizokufa. Sisi wa patholojia sura hiyo tunaiita anga la nyota. Kila ninapoiona moyo hunishuka, maana uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi mtoto ameshang'olewa meno yaliyolegea kabla mtu hajafikiria saratani.

Mama zao huuliza, "Daktari, mwanangu kaupatia wapi ugonjwa huu?" Hilo "wapi" nalipenda, kwa sababu ndilo lililofungua njia.

Kabla ya hapo watafiti walishapata fununu kwamba saratani yaweza kuletwa na kitu cha nje ya mwili. Percivall Pott wa London alihusisha masizi na saratani ya wasafisha dohani mwaka 1775, na Peyton Rous akaonyesha mwaka 1911 kwamba kuna uvimbe wa kuku unaoletwa na kirusi. Kwa binadamu, kirusi cha namna hiyo hakikuwa kimeonekana.

Mwaka 1957, pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, pande zote mbili. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Mmoja ni tukio. Wawili wakamtoa usingizini. Akapekua mafaili, akaandika barua kwa hospitali za bara zima akiambatanisha picha, kila jibu akalitia kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ikasema jambo la ajabu: ugonjwa ulifuata joto na mvua. Huku kwetu karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ulikuwa haupatikani. Saratani inayochagua mwinuko! Wakaanza kuwaza mbu.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alikuwa amekaa anasikiliza. Vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili ikapita patupu. Desemba 1963 ukungu ukailazimu ndege kutua Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyoingia bakteria. Mwingine angeimwaga. Epstein aliitazama, akakuta seli hai zinaelea. Yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaziotesha, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kirusi peke yake kinatosha. Kirusi cha Epstein-Barr karibu sote tunacho, tena tangu utotoni, na hatuumwi saratani. Inadhaniwa malaria nayo huchangia: ya mara kwa mara huzichochea seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kinga, zigawanyike bila kupumzika. Katika pilikapilika hizo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujipachika kwenye ya 14, na jeni ya MYC, inayoamuru seli kugawanyika, hubaki imewaka. Mkoani Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto walipewa klorokwini, dawa ya malaria, ili kupima dhana hiyo. Wagonjwa walipungua, ila walikuwa wameanza kupungua kabla ya vidonge, hivyo jaribio halikutoa jibu la mwisho.

Fomu inayoletwa pamoja na kinyama ina mstari wa makazi. Mara nyingi unakuja mtupu. Napiga simu wodini, naomba wamuulize mama: mnatokea kijiji gani, na mtoto ameugua malaria mara ngapi?